Chombo cha Namba Kumi na Nne

Kwa wiki sita nilitembea kifua mbele kwa sababu ya choo cha mama mkwe wangu. Najua hilo si jambo la mtu kujivunia, na kama ningekuwa na haya ningeanzia mahali pengine. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na nimechoka kulizungukazunguka.

Mimi ni Kiplimo, mtu wa Saboti, na kazi yangu ni ya maabara. Nje kidogo ya mji wa Kitale tuna vidimbwi sita chini ya paa la nailoni, na ndani yake tunakuza spirulina. Ni mwani mdogo sana, mmoja mmoja hauonekani kwa macho, ila ukizaana maji yote yanakuwa kijani. Tunauchuja kwa kitambaa, tunaukausha, tunausaga, na unga wake tunawapa watu wale kijiko kimoja kwa siku ndani ya uji. Swali letu lilikuwa moja tu: je, mwani huu unawalisha wale bakteria wazuri wanaoishi matumboni mwetu, mpaka tumbo sumbufu likatulia? Wapo wanaoapa kwamba ndiyo. Wapo wanaosema ushahidi mwingi ni wa panya. Mkubwa wangu, Daktari Nduta, alisema amechoka kusoma habari za panya, anataka kujua habari za watu wanaokula ugali na mboga ya mrenda.

Basi tukaandikisha watu arobaini wenye matatizo ya tumbo, kila mmoja na namba yake. Kila baada ya wiki mbili walitupa choo kidogo ndani ya chombo cheupe chenye kifuniko, nasi tukahesabu bakteria waliomo. Ni kazi isiyo na harufu nzuri, lakini ina heshima yake.

Namba kumi na nne alikuwa Mama Sifuna wa Naitiri, mama mzazi wa mke wangu Fridah. Si mimi niliyemwandikisha. Mwenzangu Chepkirui alimkuta zahanati akilalamika kwamba tumbo linamchoma na kujaa gesi miaka nenda miaka rudi, akamwandika. Chombo cha kwanza, kabla hajaonja unga, mama alimkabidhi Chepkirui mwenyewe, mwanamke kwa mwanamke, bila shida yoyote. Halafu Chepkirui akaenda likizo ya kujifungua, na Naitiri yote ikaniangukia mimi.

Sisi wa mlimani na Wabukusu, watu wa kina Fridah, tumegombania mengi, lakini juu ya ukwe hatuna ugomvi. Mama wa mke wako humpi mkono. Huli naye meza moja, hukaribii mlango wa chumba anacholala, na mkikutana njiani mmoja wenu anaingia kando kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Nimemwoa Fridah miaka kumi na mmoja sasa, na uso wa mama yake nilikuwa sijautazama sawasawa hata siku moja. Nilimjua kwa leso zake, na kwa sauti yake nyuma ya pazia akiniita Baba Chepkemei, kwa jina la binti yangu. Mama huyo ndiye niliyetakiwa niende nikamwombe choo.

Nilimweleza Daktari Nduta. Yeye kazaliwa Kitale, wazazi wake walihamia kutoka Nyeri, na mambo hayo kwao si makali hivyo. Akacheka kidogo, akasema ni chombo tu chenye namba. Hapo ningekataa. Lakini nina ugonjwa mmoja: mtu akinifanya nijione mshamba, damu inanichemka na nakubali lolote. Nikasema hakuna shida.

Fomu yetu ilikuwa na mstari wa kutia sahihi: Nimepokea mkononi mwa mshiriki mwenyewe. Mstari huo uliwekwa makusudi, ili mtu asije akaleta choo cha mwingine. Siku yangu ya kwanza Naitiri nilikuta chombo kiko juu ya kigoda barazani, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, na mama yuko ndani nyuma ya pazia. Alinisalimia kutoka huko, nikaitika. Nikamuuliza kama kuna dawa nyingine anazotumia, naye akajibu upesi kwamba hakuna, ili mazungumzo yaishe. Nami nilitaka yaishe. Nikachukua chombo, nikatia sahihi. Nilifanya hivyo mara nne, na kila mara nilishukuru kwamba tumemaliza bila aibu.

Jambo la pili nalisema kwa shida. Karatasi ya maelezo kwa washiriki niliitafsiri mimi. Daktari aliandika kwamba choo kinaweza kugeuka kijani, na ni kweli, mwani hufanya hivyo. Lakini katika majaribio ya kwanza watu watatu walitishika na rangi wakaacha, na mimi sikutaka wengine waache. Nikaongeza maneno yangu: au hata cheusi, usishtuke, ni dalili kwamba unga unafanya kazi. Hakuna aliyenituma.

Sasa matokeo. Chombo cha kwanza cha namba kumi na nne kilikuwa na bakteria wazuri wachache mno. Cha pili, wiki mbili baadaye, walikuwa wamejaa tele, na cha tatu na cha nne vikawa hivyo hivyo. Katika watu arobaini hakuna aliyepanda namna ile. Daktari alichora mchoro akaubandika ukutani, na wageni wakija aliwaonyesha kwa kalamu, mimi nimesimama kando natabasamu kama bwana harusi. Nyumbani nilimwambia Fridah kwamba mama yake ni wa ajabu.

Nilikuwa na macho ya bure. Vyombo vya watu wengine wote vilikuwa na kijani, vingine kijani kilichokolea kabisa. Vya mama vilikuwa kahawia safi. Niliona, nikajieleza mwenyewe kwamba mwili wake unaufyonza mwani wote haubakishi rangi. Nikamweleza na Daktari hivyo, naye akaandika.

Alhamisi moja saa tatu asubuhi nilikuwa nafungua vyombo vya wiki ya nane, nilivyovileta jana yake kutoka Naitiri. Nilikuwa na namba kumi na nne mkononi, kahawia kama kawaida, simu ya Fridah ikaingia. Fridah anafundisha Kimilili, lakini wiki hiyo alikuwa Bungoma mjini kwenye semina ya walimu. Alisema mama ameanguka akienda kufungulia kuku. Jirani yake, Nyaruai, ndiye aliyepiga simu. Mama amejikokota mpaka kitandani, jasho linamtoka na mikono ni baridi, na hataki kusikia habari ya hospitali. Nikauliza amekula nini. Fridah akasema shida si kula.

"Nyaruai anasema choo ya mama imekuwa nyeusi kama lami," akasema. "Leo siku ya nne. Na mama anasema watu wasimsumbue, ati ni ile dawa yako, karatasi ilisema hivyo."

Nikakitazama chombo. Kahawia.

Kabla ya maabara nilifanya kazi wodini miaka miwili. Choo cheusi kinachonata kama lami si mwani. Ni damu. Inavuja juu, ndani ya tumbo lenyewe, na inaposhuka inasagwa njiani mpaka inapoteza wekundu wake. Mama ana miaka sabini na miwili. Siku nne, mikono baridi, kuanguka: mtu wa hivyo unamhesabia saa. Nikamuuliza Fridah mama anameza nini kingine, akafikiri, akasema vidonge vya magoti, vile vya dukani, asubuhi na jioni tangu wakati wa palizi. Vidonge hivyo nilivijua. Ukivimeza muda mrefu vinachubua tumbo hadi linatoka damu. Na mimi ndiye niliyeuliza habari za dawa kwa haraka haraka huku nimeshika chombo.

Halafu kulikuwa na lile jambo jingine lililokuwa mkononi mwangu. Kama choo chake ni cheusi kwa siku nne, hiki nilichokipokea jana ni cha nani?

Daktari Nduta aliingia akanikuta navua glavu.

"Namba kumi na nne anavuja damu tumboni," nikamwambia. "Na hiki chombo si chake."

Alitazama chombo, akatazama mchoro ukutani. Alitoa funguo za pikapu mfukoni mwake akanipa.

Mvua ilikuwa imenyesha, na baada ya Kiminini nilipoingia barabara ya murram, isiyo na lami, gari lilianza kuteleza. Nilimpigia Nyaruai huku naendesha, ni vibaya, ninajua. Nikamwambia mama asipewe kidonge tena, asipewe chakula, miguu iinuliwe, na watafute gari lolote wasiningoje. Nyaruai akasema gari lipo kwa jirani, ila mama amekataa kutolewa nyumbani mpaka Sifuna aje. Sifuna ni mtoto wake wa kwanza, dereva wa lori, na siku hiyo alikuwa ameshapita Lodwar. Kisha Nyaruai akapunguza sauti, akasema mama amesema mimi nisije. Nikakanyaga mafuta.

Nilifika saa nne unusu. Kigoda kilikuwa palepale barazani na kile kitambaa chake juu. Nyaruai alinipokea mlangoni. Ni mjane wa miaka sitini na kitu, shamba lake limepakana na la mama, na wawili hao hushinda pamoja kutwa wakichambua maharagwe na kusengenya watu wa kanisani. Leo macho yake yalikuwa mekundu. Sebuleni palikuwa na giza kidogo, na mwisho wa sebule pazia la chumba cha mama.

Nilimsalimia mama. Nikamwomba Nyaruai amuulize kama ana kizunguzungu. Mama alikuwa hatua mbili kutoka nilipo na alinisikia neno kwa neno, lakini alingoja Nyaruai arudie swali ndipo akajibu, na akamjibu Nyaruai, nami nikangoja Nyaruai aniletee jibu. Hivyo ndivyo nilivyompima mgonjwa siku ile. Kizunguzungu kipo. Maumivu yalikuwepo, sasa yamepoa. Ametapika? Mara moja, jana, kitu kama kahawa ya unga. Kila jibu lilinizidishia hofu. Nikauliza habari ya choo.

Nyaruai akalirudia swali.

"Mwambie Baba Chepkemei ni dawa yake," sauti ikasema, nyembamba kuliko nilivyoizoea. "Mwambie nitalara kidogo itaisha."

"Mwambie si dawa," nikasema. "Mwambie ile karatasi ni mimi niliandika na nilikosea. Na umuulize, kama choo ni nyeusi siku nne, hii nilibeba jana ni ya nani?"

Nyaruai hakulirudia swali hilo. Alishika ncha ya leso yake akaikunja, akaikunjua.

"Ni yangu," akasema. "Zote ni zangu, tangu ulianza kukuja wewe. Sasa angefanya nini? Ungekuwa wewe, ungepeana hiyo kitu kwa bwana ya msichana wako?"

Nikauona akilini mchoro wetu wa ukutani. Nikamwona mama akimwita jirani kwenye ua kila wiki ya pili, na Nyaruai akikubali kwa urafiki tu, akirudi na kitu ndani ya karatasi. Tulikuwa tumewashangilia bakteria wa Nyaruai, mwanamke ambaye hajaonja unga wetu hata kijiko, anayekunywa uji uliochachuka kila asubuhi ya maisha yake na kula mboga zake bila ugomvi na tumbo. Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nilitaka kumpigia kelele mtu, na mtu aliyestahili kelele hizo alikuwa mimi.

Ndani ya chumba kikombe cha bati kilianguka. Nyaruai akaingia mbio, nikamsikia akiita jina la mama mara mbili, mara tatu.

Nilisimama mbele ya lile pazia. Nitasema ukweli, nilisimama. Nimesoma Nairobi, nimevaa koti jeupe miaka saba, nimewacheka wazee wa kwetu kwa mambo kama haya, na miguu yangu ilikataa kupita kipande cha kitambaa chenye maua. Kisha nikasikia sauti yake, ya mtu aliyezinduka kidogo: "Asiingie." Baada ya hapo hakusema tena.

"Nyaruai," nikasema, "mfunike. Blanketi yote, mpaka uso. Ukimaliza uniambie."

Aliniambia. Nikaingia nimeinamisha macho chini, nikaona miguu ya kitanda, ndala mbili, na ule mfuko wa vidonge vya dukani. Nikamwinua ndani ya blanketi. Alikuwa mwepesi, na hilo liliniumiza, kwa sababu nilikuwa nikimwogopa kama mtu mkubwa. Nilipokuwa natoka naye mkono ulichomoza kutoka kwenye blanketi. Nilidhani unataka kunisukuma. Ulishika ukingo wa blanketi na kuuvuta vizuri juu ya uso, ukang'ang'ania hapo, nami nikamshukuru Mungu kwamba bado ana nguvu ya kunikataa.

Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Nyaruai, tukaelekea Bungoma, kwa sababu Fridah alikuwa ameshauliza akaambiwa mashine ya kumulika tumbo iko huko. Hiyo safari ndiyo iliyonizeesha. Kila nilipouliza, "Mama, uko sawa?", jibu lilikuwa kimya, na sikuweza kujua kama ni kimya cha heshima au ni kimya cha mtu anayekwenda. Nyaruai alisema anapumua, lakini yeye mwenyewe alikuwa analia hajui anachokisikia. Tulipofika Misikhu sikuweza kuvumilia tena.

"Mama," nikasema bila kugeuka, "sitaki unijibu. Gonga tu mlango na mkono. Mara moja, nijue."

Nikasikia kidole kikigonga bati la mlango. Mara moja.

Basi tukaenda hivyo. Nikipita kila kilima nasema "Mama", na nyuma yangu bati linagongwa. Kabla ya Webuye liligongwa kidogo sana. Mjini Webuye, nyuma ya trela la miwa lililoziba njia, niliita na bati halikugongwa. Niliita tena. Nyaruai alianza kumpiga makofi mashavuni juu ya blanketi. Nilitoka barabarani nikapita pembeni juu ya mawe na mashimo, honi nimeikandamiza haiachi, na watu wa kando ya barabara wakanitukana kwa haki kabisa. Kutoka hapo mpaka Bungoma sikuita tena. Niliogopa kuita.

Hospitalini walimpokea kwa machela. Fridah alikuwa getini na viatu vyake vya semina, akamfunua mama uso hapohapo, nami nikageuka nikatazama ukuta. Kazi ya kutazama ukuta ilichukua saa mbili. Walimwongeza damu, wakamteremshia kamera, wakakuta kidonda tumboni kikivuja, wakakifunga. Daktari aliyetoka kutuona alikuwa kijana, na alisema kwa utulivu kwamba mama ataishi, ila tungechelewa saa moja zaidi yeye asingeahidi chochote. Vidonge vya magoti vilikuwa nusu ya tatizo. Nusu nyingine ni bakteria. Kuna aina inayojichimbia ndani ya ngozi ya tumbo na kukaa humo miaka mingi, ikilichoma na kulijaza gesi, na mama alikuwa nayo bila shaka tangu zamani.

Nilikaa kwenye benchi. Wiki nane nilikuwa nahesabu bakteria kwa jina lake, na wale waliokuwa wanamla hatukuwa tumewaona, kwa sababu hatukuwahi kupima kitu chake tangu Chepkirui aondoke. Nililia, na sikujificha.

Fridah hakusema nami siku tatu. Siku ya nne alisema kwa sauti ya kawaida, akikunja nguo, kwamba mama yake na mimi tumestahiana mpaka nusura tumzike mmoja wetu, na kwamba anatupenda wote wawili lakini hataki kusikia neno heshima ndani ya nyumba yake kwa mwezi mzima.

Kitale nilimweleza Daktari Nduta yote: sahihi nne za uongo, na maneno niliyoyaongeza kwenye karatasi. Hili la karatasi ndilo lililomkasirisha hasa, akaniambia hivyo bila kupunguza. Siku hiyohiyo tuliwapigia simu washiriki wote, mmoja mmoja, tukawaambia choo kikiwa cheusi waende hospitali mara moja. Aliubandua mchoro. Tulipomwondoa namba kumi na nne, matokeo yalikuwa ya kawaida sana: watu wachache bakteria wazuri waliongezeka kidogo, wengi hawakubadilika, wawili walijaa gesi kuliko mwanzo. Labda mwani unafaa, labda watu wanahitaji muda zaidi au watu wengi zaidi. Aliniondoa kwenye kukusanya vyombo akanirudisha kukoroga vidimbwi. Kabla sijatoka akasema kwamba na yeye alicheka siku ile, na hakupaswa kucheka.

Mama alirudi Naitiri na dawa za kumeza wiki mbili. Nilipeleka mbuzi na blanketi jipya kwa kosa la kuingia chumbani na kumshika, wazee wakasema yamekwisha, na kila kitu kikarudi mahali pake: pazia, kigoda, Baba Chepkemei.

Wiki sita baadaye hospitali ilitaka choo chake wapime kama bakteria wale wabaya wamekwisha. Wasipokwisha kidonda kingefunguka tena, na mwili wa miaka sabini na miwili usingehimili mara ya pili. Tulienda Jumamosi mimi na Fridah. Fridah ndiye angelichukua chombo, hilo tulikwisha kulipanga. Nilikaa barazani na chai yangu nikiwasikia mama na binti wakiongea ndani kwa Kibukusu, na Nyaruai akicheka jikoni. Kisha mama akamwambia Fridah jambo, na Fridah akaenda jikoni kwa Nyaruai.

Pazia likafunguka. Mama alitoka polepole na fimbo yake, leso imefunika kichwa, uso ameuelekeza kwenye ghala la mahindi. Nilisimama, na kwa mazoea nikarudi nyuma mpaka nikashuka baraza. Alifika kwenye kigoda. Nilingoja akiweke chombo pale. Hakukiweka. Aliegemeza fimbo ukutani, akaninyooshea chombo kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, jinsi mtu anavyompa mgeni kitu.

"Hii ni yangu," akasema. "Mimi mwenyewe."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa bado na joto.